Kiti cha Arobaini

Haya yalimpata wifi yangu Zamfira, mke wa kaka yangu, ambaye mlango wake unatazamana na wangu kwenye ghorofa ya kwanza. Mengi niliyaona mwenyewe. Yale ambayo sikuyashuhudia, naandika alivyonisimulia.

Yalianza siku nzuri. Jumamosi ya jua, majani ya miti ndiyo kwanza yanageuka njano, na Zamfira alikuwa amefua kila kitu na kuanika uani. Mimi nilikaa kwenye benchi mbele ya jengo nikimnyonyesha Tibi. Bibi Saveta, anayekaa chini kabisa, alikuwa pembeni yangu akichambua maharage. Ilinca, binti wa Zamfira, wa miaka minne, alikuwa akiyaiba moja moja na kuyapanga kwenye ukingo wa benchi.

"We panya wa ghalani," Bibi Saveta alimwambia, "leo supu nitapika kwa mkia wako."

"Sina mkia!"

"Geuka nione."

Ilinca akageuka, tukacheka. Ndipo lori likaingia uani.

Ilikuwa arobaini ya Bwana Valer. Katika Bonde la Jiu tunakokaa hakuna asiyemjua. Migodi ya makaa ilipofungwa, wanaume wetu walirudi nyumbani na kofia zao za kazi, na yeye akarudi na kibali cha kununua vyuma chakavu. Alibeba reli. Alibeba mashine za kupandishia wachimbaji. Alipovimaliza vya mgodini, akaanza kufukua mabomba makubwa yaliyokuwa yakileta maji ya moto kutoka kiwanda cha joto hadi kwenye majengo yetu. Mume wangu Gavril alikuwa mmoja wa waliofukua. Alilipwa kibarua cha siku, tukanunua unga na mafuta. Majira ya baridi yaliyofuata ndipo tulipoelewa tulichouza.

Kwetu mtu akifa, siku ya arobaini watu wake hutoa vitu kwa maskini kwa jina lake. Kilichotolewa hapa, marehemu anakikuta kule. Anayepokea hasemi asante. Anasema, "Mungu amsamehe," na hapo kitu kinakuwa kimefika. Ndiyo maana wenye nacho hawapeani wao kwa wao. Hutujia sisi.

Wanaume wawili waliteremsha kwenye lori blanketi, sufuria mpya na kiti. Kiti hicho kilikuwa cha mti wa jozi, chenye mikono, kipana kama kochi. Walikibeba wakihema.

"Mama yangu!" Bibi Saveta alininong'oneza. "Hata kule anataka kukaa kibosi. Humo tunaingia mimi na wewe na mbuzi wa padri."

Mjane wa Bwana Valer, Lavinia, aliteremka nyuma yao akiwa amevaa nyeusi. Padri alikuwa amemshauri atafute mwanamke mwenye mtoto, asiye na mume nyumbani. Huyo alikuwa Zamfira. Kaka yangu Doru alikwenda Uhispania kuchuma matunda, na simu yake ilikuwa imenyamaza tangu majira ya joto.

Lavinia aliwasha mshumaa, akaushika pamoja na mkono wa kiti, akavisogeza kwa Zamfira.

"Kwa ajili ya Valer wangu," alisema. "Asisimame kule."

Zamfira alishika kiti kwa mkono mmoja na mshumaa kwa mwingine. "Mungu amsamehe," alisema.

Hakukuwa na upepo. Nguo kwenye kamba zilikuwa zimetulia kabisa. Lakini mwali wa mshumaa ulilala upande, ukaelekea kwenye kiti, ukabaki hivyo mpaka mjane alipopanda gari.

*

Baridi ya mwaka ule haikubisha hodi. Ilituingilia na theluji usiku mmoja, na asubuhi maji kwenye ndoo yalikuwa na ngozi ya barafu.

Katika jengo letu kila mtu ana jiko la bati na bomba la moshi lililopenyezwa dirishani. Tunachoma makaa tunayookota kwenye lundo la mabaki ya mgodi. Theluji ikifunika lundo, tunachoma tulicho nacho. Zamfira alichoma rafu. Akachoma kabati, kipande baada ya kipande. Akachoma kitanda chake na Doru, akaanza kulala kwenye godoro sakafuni. Akachoma mlango wa chumbani. Kilichobaki ni kitanda kidogo cha Ilinca, kwa sababu kile kilikuwa cha chuma na chuma hakiungui, na kiti cha Bwana Valer.

Siku Ilinca alipoanza kukohoa, nilisikia nyundo kutoka upande wa pili. Nilimweka Tibi kiunoni nikavuka. Zamfira alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko. Mkono mmoja wa kiti ulikuwa tayari motoni.

"Wifi! Hicho ni cha marehemu."

"Najua ni cha nani."

"Bibi Saveta alisema kitu cha arobaini hakiuzwi wala hakichomwi. Kinatumika mpaka kiishe chenyewe."

"Mama Tibi," alisema, bila kunitazama, "marehemu hasikii baridi. Huyu anasikia." Alionyesha kitandani kwa nyundo. "Au nikuletee Bibi Saveta nimchome?"

Nilimsogeza Tibi karibu na jiko. Chumba kilianza kupata joto zuri, la mbao nzito, na Tibi aliacha kulia. Ilinca alikaa akala ugali na jibini. Hata tulicheka. Mbao za jozi kwa kawaida hulia motoni, hupasukapasuka. Zile ziliungua kimya tangu ya kwanza mpaka ya mwisho.

*

Siku chache baadaye, baada ya chakula cha mchana, Zamfira alikuwa anaosha vyombo, na Ilinca amelazwa. Akasikia mtoto anasema taratibu, kama anavyosemeshwa mgeni:

"Sogea kidogo. Unanibana."

"Nani anakubana, mwanangu?"

"Babu."

Zamfira aligeuka. Ilinca alikuwa amejibana ukutani, ameacha nafasi ukingoni mwa kitanda. Kwenye nafasi hiyo godoro lilikuwa limebonyea.

Alidhani ni springi imekatika. Aliinua godoro, akakuta springi zote nzima. Aliniambia jambo hilo kwenye ngazi huku akicheka, lakini alikuwa ameshika mkono wangu na hakuuachia.

Kesho yake alitakiwa kwenda ofisi za mji kupanga foleni ya kuni za msaada. Aliniomba nikae na Ilinca. Nilikwenda na Tibi. Nje kulikuwa kweupe kwa theluji, mwanga umejaa chumba kizima. Nilikuwa nimekaa sakafuni, kwenye godoro la Zamfira, nikifuma soksi. Sikuwa nawaza lolote la kuogofya. Nilikuwa nawaza supu.

Chuma cha kitanda kikalia.

Niliinua macho. Ilinca alikuwa amelala chali. Hajajigeuza. Ukingo wa kitanda ulikuwa unashuka. Polepole. Kama anavyokaa mtu mzito mwenye magoti mabovu, anayejishusha kwa uangalifu. Godoro likabonyea. Likabonyea zaidi. Ilinca akaanza kuteleza. Mwili wake mdogo ulifuata mteremko, ukaegemea kwenye hewa, na hewa ikamzuia.

"Ilinca," nilinong'ona. "Njoo kwa shangazi."

"Siwezi. Amenikalia blanketi."

"Nani?"

"Anasema miguu inamuuma. Amesimama sana."

Nilimvuta kwa nguvu zangu zote. Blanketi lilibaki limenaswa upande mmoja, halikuvutika. Nilipomkumbatia mtoto, alikuwa baridi kama kijiko kilicholala nje. Na mkono wangu, ulipopita juu ya ile sehemu iliyobonyea, ulikuta joto.

*

Bibi Saveta alisikiliza yote bila kukatiza. Kisha akamuuliza Zamfira swali moja tu.

"Umekichoma chote?"

"Chote."

"Basi ndiyo hivyo. Kule mtu anakalia alichopewa. Kikiondoka hapa, na kule kimeondoka. Amekuja kukaa kwa yule aliyekipokea."

"Nimemwekea kigoda cha plastiki, bibi. Nimemwekea na ndoo."

"Mwanangu, hakupewa kigoda wala ndoo. Vile si vyake."

"Na mtoto wangu je, ni wake?"

Bibi Saveta alitazama mikono yake.

Tulimlaza Ilinca kwenye godoro la mama yake, na mchana ule godoro ndilo lililobonyea. Tulimleta kwangu, tukamweka kwenye kochi, na kochi likalalamika. Kila alipokaa yule, mtoto alipoa, na alipoondoka aliacha pahali pa joto lenye ukubwa wa meza. Ilinca aliacha kula. Kisha akaacha kuzungumza nasi, ingawa nyakati fulani mdomo wake ulikuwa ukicheza, akimjibu mtu.

Hospitali walimpima kifua, mkojo na damu. Daktari alikuwa kijana mpole.

"Hana ugonjwa ninaouona, mama," alisema. "Joto la mwili liko chini sana. Mpasheni joto tu nyumbani."

Zamfira alianza kucheka. Alicheka mpaka nesi akaja kuchungulia mlangoni. Sijawahi kumsikia mtu akicheka vile, na alipotulia alikuwa ameng'ata mdomo mpaka damu.

Bibi Saveta alisema kuna njia moja. Kitafutwe kiti kingine cha mbao. Zamfira akitoe kwa jina la Bwana Valer, kwa mkono wake, na mshumaa juu. Mtu akipokee na kukiweka nyumbani mwake, na mtu huyo asiwe Zamfira, maana huwezi kujipa mwenyewe sadaka.

"Kiti," alisema Zamfira. "Katika jengo hili. Mwezi huu."

*

Tulikwenda kwa mjane. Nyumba iko juu, barabara ya kanisani, na inapashwa joto kwa gesi yake yenyewe. Lavinia alitufungulia akiwa miguu mitupu, amevaa blauzi nyepesi, na miwani ya Zamfira ikafunga ukungu palepale mlangoni. Nyuma yake niliona meza ndefu imezungukwa na viti. Sikujua kwamba familia ina watu wa kukalia viti vyote vile.

Zamfira alieleza. Hakuficha kwamba alikichoma. Aliomba kimoja tu, hata kibovu, hata cha jikoni.

Lavinia alimsikiliza akiwa ameegemea fremu ya mlango.

"Mume wangu nilimpa kila kitu," alisema. "Mbele ya padri. Ulipokea mwenyewe."

"Nilipokea, mama."

"Basi anacho."

"Hana, mama. Anakuja kwangu. Mwanangu..."

"Anacho!" Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka ikawa mnong'ono. "Unataka nikupe kingine, ili niwe nimekubali kwamba tangu wakati huo Valer wangu amesimama? Na mimi nalala vipi humu ndani? Niambie. Nalala vipi?"

Akafunga mlango. Nilitamani kumchukia, lakini niliona macho yake. Tulipokuwa tunashuka barabara niligeuka. Alikuwa dirishani, anavivuta viti vyote mbali na meza, kimoja kimoja, kama anayemkaribisha mtu.

*

Kiti alikitengeneza Gavril. Alikwenda mpaka mdomo wa mgodi wa zamani, akapenya kwenye uzio, akatoa gogo moja kati ya yale yaliyokuwa yakiegemeza dari la njia ya chini. Alilivuta kwenye theluji kwa kamba. Mti wa aina hiyo umekaa gizani miaka na miaka ukibeba mlima, haupindi tena. Alilipasua uani, akachonga, akapiga misumari aliyoinyoosha kutoka kwenye vitu vya zamani.

Wanaume walisimama kumtazama.

"Fundi, kiti chote hicho cha nani? Umempata mke mwingine mnene?"

"Ni cha Valer," alijibu Gavril.

Hawakucheka tena. Mmoja alivua kofia, akairudisha.

Jioni ile alipoingia kunawa, Gavril alinong'ona kama anayezungumza na beseni. "Nilimfukulia mabomba. Sasa namchongea kiti. Hivi kazi ya huyu mtu itaniisha lini?"

Asubuhi iliyofuata Ilinca, tuliyemrudisha kwenye kitanda chake, hakuamka. Alikuwa anapumua, lakini hakuamka. Zamfira hakusubiri. Alishika kiti kwa mkono mmoja na mshumaa kwa mwingine, akaanza kugonga milango kutoka juu kabisa. Mimi nilimfuata, Tibi begani, nikisaidia kukibeba kwenye ngazi.

Mzee Nelu, aliyekuwa mchimbaji, alitufungulia akinukia pombe. Alipomwona Zamfira alitabasamu, alipokiona kiti tabasamu likakatika.

"Kwa ajili ya Valer?" alisema. "Aka! Nilimtumikia akiwa hai. Amekufa, bado nimtandikie pa kukaa? Mpe na kichwa changu akakalie."

Waliooana juzi, wa mlango wa pili, walisema wana viti, na nyuma yao chumba kilikuwa kitupu. Mama Crina alilia. Alimshika Zamfira mashavu.

"Dada yangu, nakupenda. Lakini nina watatu humu ndani. Unanielewa? Nina watatu."

"Nakuelewa," alisema Zamfira.

Milango mingine haikufunguka. Tulisikia watu nyuma yake wakizuia pumzi. Tuliposhuka chini kabisa kwa Bibi Saveta, yeye alikuwa ameshasimama nje anatungoja, kitambaa kichwani.

"Mimi ni mzee, mwanangu. Nikifa kesho, kiti hiki watakitupa sijui wapi. Valer atamrudia mtoto wako. Nisingependa kufa na hilo."

Zamfira alikaa kwenye ngazi ya chini. Hakukaa kwenye kiti. Mshumaa ulikuwa umebaki kipisi tu.

Tulipanda tena kwake. Saa ya Valer kuja ilikuwa imekaribia, ile ya baada ya chakula cha mchana. Moto ulikuwa umezimika zamani, na chumba kilikuwa baridi kiasi kwamba kila tulipozungumza mvuke ulitoka midomoni. Wangu. Wa Zamfira. Wa Tibi, kidogo kidogo, begani kwangu.

Nilimtazama Ilinca.

Midomo yake ilikuwa wazi. Kifua kilipanda. Kikashuka. Hakikutoka kitu. Hakuna mvuke.

Kitanda kikalia. Ukingo ukashuka.

Na hapo, juu ya lile bonde, mahali ambapo kichwa cha mtu mnene aliyekaa kingefika, ukatoka mvuke. Mwingi. Mzito. Ukakatika. Ukatoka tena. Kila kifua cha mtoto kiliposhuka, mvuke ulitoka kule.

Zamfira hakupiga kelele. Alinong'ona tu, "Wifi." Ndilo neno pekee alilosema. Hakuniomba. Hangeweza kuniomba, alikuwa amemwona Tibi begani kwangu.

Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Hata dukani naonyesha kwa kidole. Lakini niliusikia mdomo wangu ukisema:

"Nipe."

"Una mtoto."

"Nipe kabla mshumaa haujazimika."

Nilimlaza Tibi kwenye godoro. Zamfira alisukuma kiti kwangu. Nta ikanimwagikia kidoleni. "Kwa ajili ya Valer," alisema. "Asisimame."

"Mungu amsamehe," nilisema.

Mshumaa ulizimika. Kitanda kilipanda juu kwa kishindo, kama mtu ameinuka ghafla akisikia anaitwa. Kisha nikahisi uzito. Si mwilini. Kwenye kiti nilichokishika. Miguu yake minne ilikwaruza sakafu, kidogo, kama inavyofanya mtu anapojiweka sawa.

Ilinca alikohoa. Mvuke mweupe ukamtoka mdomoni.

*

Ilinca yuko mzima. Theluji imeyeyuka mara moja na kuanguka tena tangu siku ile, na anakimbia kwenye ngazi na kutaniana na Bibi Saveta kama zamani. Hakumbuki lolote, au anasema hakumbuki. Zamfira hupita mlangoni kwangu kila asubuhi kuniangalia. Haingii jikoni.

Kiti kiko jikoni, karibu na dirisha. Gavril alipokikuta pale alisimama na koti lake mwilini. "Si hapa," alinong'ona. "Popote, si hapa." Nilimweleza habari ya mvuke. Akavua koti, akala, na tangu siku hiyo anakula amesimama.

Hatukikalii. Nakifuta vumbi, naweka kipande cha mkate juu yake sikukuu zikifika. Sijaona chochote, sijasikia chochote. Lakini mchana mmoja, nikifagia, nilishika ubao wa kukalia ili nikisogeze, nikatoa mkono haraka.

Ulikuwa na joto.

Jiko lilikuwa halijawashwa. Niliogopa, nikamkimbilia Tibi nikamvua soksi. Miguu yake ilikuwa ya moto kabisa, miguu ya mtoto aliyeshiba. Usiku nilimgusa Gavril mgongoni. Alikuwa na joto lake. Nikajigusa. Zamfira na Ilinca niliwashika mikono kesho yake, kwa kisingizio cha kuwasalimia. Kila mtu alikuwa na lake. Nikasema basi, Mungu ametuhurumia, labda amesamehewa kweli, labda hili ni joto lake mwenyewe.

Na kwa kuwa ni majira ya baridi, na nepi hazikauki, nilianza kuzitandaza pale. Zinakauka kabla ya jioni. Jikoni kumekuwa pahali pa kukaa watu. Tibi hutambaa mwenyewe mpaka kwenye kile kiti, akaegemeza shavu kwenye mguu wake, akalala.

Juzi Bibi Saveta alipanda kwangu. Alipanda polepole, akipumzika kila ngazi, amejifunga shali mbili. Jikoni kwake ni chini ya jikoni kwangu. Alikuja kuniuliza kama na kwangu barafu imeanza kuota ndani ya nyumba.

"Ndani wapi, bibi?"

"Darini. Imeota duara nne. Nazikwangua kwa kisu, asubuhi zimerudi." Alinyoosha mikono kunionyesha zilivyoachana. Vidole vyake vilikuwa vya buluu. "Tangu zitokee silali, mwanangu. Silali kwa baridi."

Kisha akatazama nyuma yangu. Alikitazama kiti. Alitazama mikono alivyoitanua, akatazama miguu ya kiti, na Tibi aliyelala akiwa ameukumbatia mmoja. Nilingoja aseme. Yeye ndiye aliyetufundisha yote haya, hakukuwa na cha kumweleza.

Aliteremsha mikono yake, akaificha ndani ya shali.

"Nepi zako zimekauka vizuri," alisema.